Neno la Siku

Watu wengi niliofanya nao kazi nimewasahau, na sioni hasara. Mtaalamu sijamsahau. Katika maisha yangu sijakutana tena na mtu aliyesoma sana namna ile na kusikiliza kidogo namna ile.

Nilikuwa msichana bado, mwendeshaji wa redio ya upepo katika ofisi ya mradi mmoja wa misitu na kilimo pale Lushoto, miaka ile watu walipokuwa wakihamishiwa vijijini na kila kikao, hata cha kujadili choo cha ofisi, kilifunguliwa kwa nyimbo za kulijenga taifa. Mradi wenyewe ulishakufa zamani, na walioulilia ni wale waliokuwa wakipanda magari yake bure. Redio ilikuwa sanduku la chuma la rangi ya kijani, lenye kipaza sauti cha kushika mkononi. Ukitaka kusema unabonyeza kitufe, ukitaka kusikiliza unakiachia. Hiyo ndiyo elimu yote iliyohitajika, ingawa mimi nilipelekwa Tanga kuisomea na nikarudi nikitembea kama niliyetoka ng'ambo.

Ofisi yetu iliongea na vituo viwili. Kimoja kilikuwa ghala la mradi bondeni, karibu na Mombo. Cha pili kilikuwa kambi ya wapasua mbao huko juu msituni, upande wa Shume, ambako ukungu huingia mpaka kwenye sufuria. Tulipashana habari ndogo ndogo. Mbolea imefika. Dizeli imekwisha. Lori litapanda kesho. Mvua imekata barabara, msimngojee mtu.

Kule ghalani alikuwako mzee mmoja mpole, Mwislamu mwenye swala tano, mwenye sauti nyembamba na kikohozi kilichomtangulia hewani kabla hajasema neno. Nikisikia kikohozi tu nilikuwa nasema, "Shikamoo baba," na yeye anajibu, "Marahaba mwanangu, mmeamkaje huko kwenye baridi?"

Kambini alikuwako dada mmoja wa rika langu, aliyesomeshwa na masista. Hatukuwa tumeonana hata siku moja. Nilimjua kwa sauti tu, na sauti hiyo sikuipenda. Ilikuwa nzito kuliko ya wanaume wengi, na mwisho wa kila sentensi aliipandisha, kama mwalimu anayengoja mwanafunzi akosee. Alinisahihisha Kiswahili hewani, na watu wakisikia. Nikisema, "Lori imefika," yeye anajibu, "Lori limefika, nimekupata." Mimi Mshambaa na yeye Mshambaa, kwao hakuko mbali na kwetu, Kiswahili tulikikuta shuleni sote wawili. Lakini yeye alikisema kana kwamba masista walimwachia urithi. Nilimwita "bibie", naye aliniita "mwenzangu", na sote tulijua maana yake si hiyo.

Mtaalamu alitumwa kwetu kutoka makao makuu. Alikuwa kijana bado, hajafika miaka thelathini na mitano nadhani, mrefu, mwenye miwani mizito na koti la mvua alilovaa hata jua likiwaka. Alikuwa amesoma nchi za nje na sasa anafanya utafiti. Alibandika jina la utafiti wake kwenye mlango wa chumba alichopewa, na lilikuwa refu kiasi kwamba karatasi moja haikutosha: ilikuwa habari ya uthibitisho wa utambulisho na usiri wa mawasiliano katika mitandao. Mhudumu wetu wa chai alikisoma kile kibandiko kila asubuhi kwa muda wa juma zima, kisha akaniuliza kama huyu bwana ni daktari wa nini.

Siku ya kwanza alivuta kiti akakaa karibu na redio yangu.

"Ndugu," akasema, "unapozungumza na kambi, unajuaje kuwa unazungumza na kambi?"

"Namsikia."

"Unasikia sauti. Sauti si mtu."

"Sauti yake yule hata ukiitia ndani ya mtungi utaijua."

Hakucheka. Akanieleza kwamba huko alikosoma aliona mashine za kukokotoa zenye ukubwa wa chumba, kompyuta, zilizounganishwa kwa waya kutoka mji mmoja hadi mwingine, na kwamba siku moja mashine hizo zitapelekeana habari zenyewe, bila mtu katikati, na kila moja itapaswa kumthibitishia mwenzake kuwa ndiyo yenyewe na si tapeli. Sisi wa Lushoto, alisema, tungekuwa mahali pa kulijaribia wazo hilo kwa gharama nafuu.

Kwa hilo sitamcheka. Leo simu yangu hii ndogo inanidai namba ya siri kabla ya kunikubalia lolote, na mjukuu wangu amenikataza nisimtajie mtu. Swali la Mtaalamu lilikuwa swali la kweli. Jibu lake ndilo lililokuwa la kipuuzi, na upuuzi uliosoma una nguvu kuliko ule wetu wa kawaida, maana hakuna anayethubutu kuukatiza.

Wa kwanza kuukubali alikuwa Meneja wetu. Huyu alikuwa mtu wa mikutano. Shamba la mfano la mradi lilioza viazi mwaka ule mzima bila yeye kulikanyaga, lakini mkutano hakukosa hata mmoja. Mtaalamu alipotaja kwamba adui anaweza kuyasikiliza mawasiliano yetu, Meneja alinyanyuka kwenye kiti. Neno "adui" lilimpa afya. Nilikaa pale nikijiuliza ni adui gani huyo, Mreno au kibaraka, atakayejificha kwenye mihindi ya Mlalo akitaka kujua tumebakiwa na mbolea kiasi gani. Sikuuliza. Wakati ule ukiuliza hivyo unaweza kuonekana wewe ndiye.

Utaratibu ukawa huu. Kila siku itakuwa na neno lake la siri. Kituo kikiita, mimi nitauliza, "Neno la siku?" Asiyelijua hatasikilizwa, hata akisema nini. Maneno yatakuwa ya kawaida, majina ya mboga na vifaa, ili adui asiyashuku. Na yasiandikwe popote, kwa sababu karatasi huweza kuibwa.

"Sasa yatafikaje vituoni?" Meneja akauliza, na hilo ndilo swali pekee la maana nililowahi kumsikia akiuliza.

"Dereva atayapeleka kichwani," akasema Mtaalamu.

Dereva wetu alikuwa mtu mwema asiyeweza kunyamaza. Kila Jumatatu asubuhi Mtaalamu alimfungia chumbani akamkaririsha maneno mapya ya juma zima, kisha dereva akawasha lori kupeleka posho kambini na baadaye kushuka ghalani. Ili asiyasahau aliyaimba. Aliyatia kwenye wimbo wa harusi, Jumatatu karoti, Jumanne panga, Jumatano nyanya, akapiga na usukani kwa kiganja. Na lile lori halikuwahi kwenda tupu. Kina mama wenye matenga ya mboga walipanda, wachuuzi walipanda, walimu walipanda, wote wakishuka huku wimbo umewakaa kichwani. Baada ya majuma machache nilikwenda sokoni kununua vitunguu, muuzaji akanitazama kwa jicho la utani.

"Leo ni shoka, eti?"

"Nani kakwambia?"

"Kwani ni siri?"

Nilimwarifu Mtaalamu. Alinisikiliza akiwa anasafisha miwani, akasema uvumi wa sokoni hauwezi kuwa msingi wa hitimisho la kisayansi.

Ijumaa moja mchana ghala likaita. Hakukutangulia kikohozi. Sauti ilikuwa ya kijana, nene, yenye haraka.

"Neno la siku?" nikauliza.

"Jembe," ikajibu, bila kusita. Lilikuwa jembe kweli. Sauti ikaendelea kwamba mkubwa mmoja wa mkoa yuko ghalani na anataka lori lipite njia ya Irente, lichukue makasha ya miche yaliyowekwa kando ya barabara, liyashushe Mombo mara moja.

Nikaachia kitufe nikamgeukia Mtaalamu, aliyekuwa kwenye kiti chake kama kawaida. "Huyu si mzee wa ghala."

"Neno ni sahihi?"

"Neno ni sahihi. Mtu siye. Na saa hizi mzee yuko msikitini."

"Ndugu, tulishakubaliana. Sauti si ushahidi. Neno ndilo ushahidi."

Kibali kikaandikwa, lori likaenda. Makasha yalikuwako kando ya barabara kama ilivyosemwa, na ndani yake hamkuwa na miche ila matunda ya plamu, mekundu, yameiva vizuri, mali ya mchuuzi mmoja aliyekuwa amechoka kungoja basi. Kijana wake aliingia ghalani wakati mzee anaswali, akakuta redio inawaka, akalisema neno alilolisikia kwenye lori letu lenyewe. Dereva alipoulizwa kwa nini hakushtuka akasema, "Niliambiwa makasha, nikapakia makasha." Mzee alirudi kutoka swalani akakuta plamu zinashushwa, akadhani serikali imeanza kugawa matunda.

Mimi nilifikiri hapo mchezo umekwisha. Kumbe ulikuwa haujaanza. Mtaalamu aliitisha kikao akathibitisha kwa chaki ubaoni kuwa utaratibu haukushindwa. Walioshindwa ni watu. Utaratibu uliuliza neno, ukapewa neno, ukafanya kazi yake. Dawa ni kuukaza. Tangu siku hiyo maamkizi hewani yakapigwa marufuku, na Kishambaa kikapigwa marufuku, na mzee wa ghala, mwenye umri wa kumzaa Mtaalamu na mimi pia, ikanibidi nimpokee kila asubuhi kwa "Neno la siku?" badala ya shikamoo. Mara ya kwanza alilisema lile neno polepole, kama mtu aliyeambiwa avue kofia. Meneja alipiga makofi kwenye kikao kile. Alipenda hasa neno "kuukaza".

Majuma mawili matatu yakapita. Jumatatu moja lori likavunjika springi kabla hata halijatoka uani. Safari ikafutwa, springi ikaagizwa, na maneno ya juma lile yakabaki Lushoto. Kila mtu ofisini alijua hivyo. Mtaalamu alijua kuliko wote, maana alimkaririsha dereva asubuhi ile ile. Nilimuuliza kambi itakuwaje. Akasema kambi itangoja, kama hakuna jambo basi hakuna haja ya kuita. Springi ilifika, ikafungwa, na Jumatano asubuhi lori lilikuwa zima, limesimama uani na mafuta ndani.

Asubuhi hiyo kambi ikaita. Nilimtambua kabla hajamaliza kuvuta pumzi.

"Lushoto, Lushoto, hapa kambi. Gogo limemwangukia mtu. Nahitaji lori sasa hivi."

Haikuwa sauti ya kunisahihisha. Ilikuwa imekazwa, anasema kila neno peke yake. Mpasua mbao mmoja, mtu mzima mwenye watoto, alikuwa chini ya jukwaa la kupasulia wakati gogo la mkulo, ule mti mkubwa wa mbao, lilipoteleza kutoka juu likambana mguu. Walikuwa wamelitoa gogo. Mguu ulikuwa umepondeka na damu walikuwa wanaizuia kwa shuka. Kumbeba kwa machela mpaka mjini, kwa njia ile na ukungu ule, wangefika jioni kabisa kama angefika akiwa hai.

"Nimekupata," nikasema, na nikanyoosha mkono kuchukua karatasi ya kibali.

Mtaalamu akaweka kiganja chake juu ya karatasi. "Hujamuuliza."

"Hana neno. Unajua hana. Lori halikwenda."

"Muulize."

Nikambonyezea kitufe nikamuuliza. Akasema, "Mwenzangu, mtu anakufa hapa. Neno langu la mwisho ni la juma lililopita, kama unalitaka chukua. Lilikuwa kitunguu."

"Si sahihi," akasema Mtaalamu, si kwake ila kwangu, kwa upole, kama mtu anayerekebisha hesabu ya mtoto. Akaniondolea kipaza sauti mkononi. "Juzi tu umedanganywa na mwizi wa lori. Leo huyu hasemi hata neno, wewe unataka kumpa lori?"

"Juzi nilikwambia siye, ukasema ndiye. Leo nakwambia ndiye, unasema siye."

"Ndiyo maana hatufuati masikio yako."

Nilimweleza kitu ambacho nilidhani hata jiwe lingekielewa. Mjini pale neno la siku ile, kabichi, lilikuwa linaimbwa na kila mtu tangu Jumatatu, maana dereva hakuacha kuimba eti kwa sababu lori limelala. Muuza vitunguu alilijua neno. Watoto wa shule walilijua. Milima yote ile, mtu pekee asiyelijua neno la siku alikuwa yule aliyelazimika kulijua. Kutolijua kwake ndiko kulikothibitisha kuwa ni yeye, yuko kambini na si kwingine.

Akafikiri. Nilimwona akifikiri, na nikapata tumaini la kijinga. Kisha akasema, "Hiyo ni hoja nzuri. Nitaiandika. Lakini haiwezi kutumika leo."

Lori lisingeweza kutoka bila sahihi ya Meneja, na Meneja alikuwa kwenye mkutano, kijiji kingine, akiwaeleza watu faida za kufanya kazi. Aliyekaimu ni Mtaalamu. Akaniamuru nitoke nikapige chapa, akakaa yeye kwenye redio, na mlango akauacha wazi. Kutoka kwenye mashine yangu nilimsikia dada wa kambini akiita. Aliita, akangoja, akaita tena. Kila mara Mtaalamu alimuuliza neno la siku. Mara moja dada alitaja jina la baba yangu na jina la kijiji chetu na jina la shule niliyosoma, ili nijue ni yeye. Mtaalamu akamjibu kwamba taarifa hizo zinaweza kupatikana na yeyote. Baadaye alianza kubahatisha. Nilimsikia akianza kutaja mboga za Usambara, karoti, njegere, spinachi, na kabla hajafika ya nne huyu bwana akamwambia kwamba utaratibu hauruhusu kubahatisha zaidi ya mara tatu.

Sijui mtu huyo alizaliwa na mama wa namna gani. Hakuwa katili, hilo ndilo lililonichosha zaidi. Alitoka kunywa chai akaniuliza kama nimekula.

Meneja alirudi alasiri, Landrova ikiwa imejaa matope na yeye amejaa hotuba. Mtaalamu akatoka uani kumlaki. Nikainuka, nikaingia chumba cha redio, nikashika kipaza sauti. Madirisha yalikuwa wazi, na wao wamesimama hatua chache tu nje.

"Kambi, hapa Lushoto. Unanipata?"

"Nakupata."

"Neno la leo ni kabichi. Sasa nakuuliza, neno la siku?"

Hakupoteza muda. "Kabichi."

"Sahihi," nikasema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. "Endelea na ujumbe wako."

Mtaalamu alikuja mbio, Meneja nyuma yake. "Amemtajia mwenyewe," akasema Mtaalamu. "Ndugu Meneja, amemtajia neno hewani. Hii si kitu, hii haihesabiki."

Meneja alinitazama, akaitazama redio. Alikuwa amechoka, amekaa juani siku nzima, na mambo marefu yaliyomshinda kuyaelewa alikuwa na dawa moja tu ya kuyamaliza.

"Neno limesemwa au halikusemwa?"

"Limesemwa," nikajibu.

"Ni lenyewe?"

"Ni lenyewe, lakini..." akaanza Mtaalamu.

"Basi," akasema Meneja. Akatoa kalamu akatia sahihi, na lori likaondoka. Hakuuliza hata ni nani aliyeumia. Aliuliza chai iko wapi.

Walimfikisha hospitali giza limeingia. Alikuwa hai. Mguu ulikatwa chini ya goti. Nilikwenda kesho yake kumwona, nikamkuta amelala, mkewe amekaa sakafuni karibu na kitanda. Daktari alikuwa mtu wa makamo mwenye maneno machache. Akaniambia, "Mngemleta asubuhi..." halafu akaingia wodini bila kumaliza.

Baada ya hapo nilidhani kutakuwa na uchunguzi, au aibu, au walau mtu mmoja atashindwa kumtazama mwenzake machoni. Hakuna. Chai iliendelea kuja. Mtaalamu aliendelea kumkaririsha dereva. Kitu kimoja tu kilitokea, na nilikishuhudia kwa macho yangu.

Asubuhi moja mwanamke mfupi, mwembamba, aliyevaa sweta la kijivu na viatu vya matope, aliingia ofisini bila kubisha. Sikumjua. Alisimama mbele ya meza yangu akasema, "Ndiye wewe?" na nikaruka kwenye kiti. Ile sauti kutoka kwenye kifua kile kidogo ilikuwa kama ng'ombe amefungiwa kwenye banda la kuku.

"Karibu, bibie," nikasema. Nilitarajia shukrani, sitaficha. Nilikuwa nimeshatayarisha namna ya kuzikataa.

"Siku ile, tangu asubuhi mlikuwa mnafanya nini?" akaniuliza.

Nikamweleza. Nilimweleza yote, kiganja juu ya karatasi, mlango ulioachwa wazi, chai. Alinisikiliza bila kukaa, ingawa nilimpa kiti. Nilipomaliza akauliza, "Yuko chumba gani?"

Nikamwonyesha ule mlango wenye karatasi mbili. Akaingia, nami nikamfuata mpaka kizingitini. Mtaalamu aliinua uso kutoka kwenye maandishi yake.

"Habari za asubuhi, Ndugu," dada akasema. "Nimekuja unitambue."

"Samahani?"

"Mimi ndiye kambi. Nitazame vizuri. Sura ndiyo hii. Sauti unaisikia. Neno la leo sina, sikuambiwa. Nataka uniambie kama mimi ni mimi."

Mtaalamu alivua miwani. Akasema ana kikao. Akakusanya karatasi zake, akatupita mlangoni akiinama kidogo, ingawa mlango ulikuwa mrefu kumtosha, akaenda kujifungia kwa Meneja.

Dada alibaki katikati ya chumba. Nilidhani atalia, au atapasua kitu. Alitazama vitabu vilivyopangwa kwa urefu wake, akatazama lile koti la mvua kwenye msumari. "Hata mvua haimjui," akasema. Kisha akaniambia nisikwame mlangoni, apite, kwa sababu lori linaondoka na yeye hana mtu wa kumshikia redio.

Miezi kadhaa baadaye nilimkuta yule mpasua mbao sokoni, ameegemea magongo. Alikuwa amerudishwa kambini kwa kazi ya kunoa misumeno, kazi ya kukaa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba binti. Wewe ndiye wa redio?"

"Ndiye mimi."

Alitazama chini kidogo, akiwa hana hasira yoyote. "Walinieleza kwamba siku ile mlikuwa mnatafuta neno. Nilitaka nikuulize. Neno gani?"

Ningeweza kumdanganya. Ningeweza kutaja kitu kizito, uhuru, au umoja, au jina la Mungu, kitu ambacho mtu anaweza kukubali kupoteza mguu kwa ajili yake.

"Kabichi," nikasema.

"Kabichi?"

"Kabichi."

Akatikisa kichwa, akaniuliza bei ya chumvi kule nilikotoka, akaenda zake.

Utafiti wa Mtaalamu ulimalizika kabla ya mvua za mwaka uliofuata. Alitusomea muhtasari wake kwenye kikao cha kumuaga, chenye soda na mandazi. Katika dharura halisi, alisoma, kituo cha mbali kilitakiwa kutoa neno la siku, na baada ya ucheleweshaji kikalitoa kwa usahihi, ndipo gari likaruhusiwa. Hivyo utaratibu umethibitika kufaa hata katika mazingira magumu. Meneja akapiga makofi, nasi tukapiga, maana mkono unapiga wenyewe ukizoea. Mguu haukutajwa. Haukuwa sehemu ya mawasiliano. Aliondoka na vitabu vyake, akapandishwa cheo, na nasikia alikuja kuwa mtu mkubwa wa kuzishauri ofisi nyingine jinsi ya kutambuana.

Neno la siku halikufutwa na mtu yeyote. Lilikufa lenyewe betri za redio zilipokwisha nguvu na mpya hazikuletwa, tukarudi kutuma watu kwa miguu. Mzee wa ghala alistaafu akarudi kwao. Dada wa kambini alipata kazi ya ualimu, mahali panapomfaa hasa. Tumezeeka wote wawili, na tukikutana kwenye misiba bado ananisahihisha ngeli.

Mimi nilihamishiwa ofisi nyingine, na nilipostaafu nilionyeshwa jalada langu ili nilikague. Ndani yake palikuwa na nakala ya ukurasa mmoja kutoka kwenye ule utafiti, na mstari mmoja umepigiwa wino chini. Ulisema kwamba mwendeshaji wa Lushoto alizingatia utaratibu kikamilifu na anastahili pongezi. Nilimwomba karani aung'oe. Akaniambia haiwezekani, sifa ikishaingia kwenye jalada haitolewi. Katika miaka yote niliyolitumikia taifa, hakuna mtu mwingine aliyeniandikia jambo jema.